Mlioana kwa Sheria Ipi? Historia ya Wakili wa Familia Mpakani mwa Tororo na Busia

Katika gombolola ya Merikit, wilayani Tororo, mashariki mwa Uganda, si ajabu familia moja kuwa na wakwe katika nchi mbili. Wateso wako Tororo, na Wateso wako ng'ambo, katika kaunti ya Busia nchini Kenya. Kusini zaidi, kuelekea Ziwa Viktoria, Wasamia nao wamegawanyika vivyo hivyo. Ng'ombe wa mahari walivuka mto Malaba tangu kabla ya mtu yeyote kujenga kituo cha forodha kando yake. Ndoa ikienda vizuri, mpaka hauonekani. Ndoa ikivunjika, au mume akifariki, ndipo mpaka unapoingia hadi sebuleni. Watoto watalelewa upande upi? Shamba litagawanywa na mahakama ya nchi gani? Na lile swali linalouma kuliko yote: je, mwanamke yule alikuwa mke mbele ya sheria?

Mtu aliyefikwa na hayo hutafuta wakili. Akimpata anayeijua kazi yake, ataulizwa kabla ya jambo lingine lolote: mlioana kwa sheria ipi? Wengi hulishangaa swali hilo, kwa maana wao wanajua walioana, basi. Lakini swali hilo lina umri wa zaidi ya miaka 100, na asiyejua lilikotoka atashindwa kumtambua wakili anayemfaa. Nalieleza hapa kama somo la historia, kisha nitarudi kwenye uchaguzi wenyewe.

Tuanze na mpaka. Mnamo Aprili 1902 Uingereza ililihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda, ambalo lilikuwa linafika hadi Naivasha, na kulitia katika himaya ya jirani iliyokuja kuitwa Kenya. Mstari mpya wa upande huu ulifuata mito midogo, ikiwemo Sio, Malaba na Lwakhakha, na wenyeji waliokuwa wakichota maji katika kingo zote mbili wakajikuta raia wa tawala mbili. Mwaka huohuo wa 1902 kila himaya ilipata sheria yake ya ndoa, iliyoandikwa kwa kufuata mfano wa Kiingereza: mume mmoja, mke mmoja, cheti na msajili au kasisi. Uganda ikaongeza sheria ya talaka mwaka 1904 na sheria ya ndoa za Waislamu mwaka 1906. Ndoa ya kimila, ambayo ndiyo ndoa ya takriban kila mtu kati ya Tororo na Busia, haikukatazwa. Iliachwa tu kando, kama mgeni asiyekaribishwa kiti.

Jinsi ilivyodharauliwa ilionekana wazi mwaka 1917. Katika kesi ya jinai iliyomhusu mtu aitwaye Amkeyo, mahakama kuu ya Nairobi ilipaswa kuamua kama mwanamke aliyeolewa kwa desturi za Kiafrika anastahili kinga ambayo sheria ya ushahidi iliwapa mume na mke, yaani mazungumzo yao ya siri yasitumiwe mahakamani dhidi ya mwenzi. Jaji Mkuu Robert Hamilton alikataa. Kwa maoni yake, muungano huo ulikuwa ununuzi wa mke, na haukustahili hata kuitwa ndoa. Fikiria uzito wa maneno hayo. Kwa kalamu ya jaji mmoja, mamilioni ya wazazi na mababu waligeuzwa kuwa watu walioishi pamoja bila kuoana. Mahakama za Afrika Mashariki ziliinukuu hukumu hiyo kwa miaka mingi, na hisia kwamba ndoa ya kimila ni ndoa ya daraja la pili ilidumu hata baada ya uhuru.

Je, mawakili walikuwa wapi wakati huo? Hawakuwapo, na hili ni jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka mno. Migogoro ya ndoa, mahari na urithi wa Waafrika ilipelekwa katika mahakama za wenyeji, zilizosimamiwa na machifu na wazee chini ya macho ya maofisa wa wilaya. Kenya ilizipa sheria mwaka 1930 na tena mwaka 1951. Uganda ilikuwa na mfumo wake unaofanana na huo. Katika mahakama hizo wakili hakuruhusiwa kusimama. Serikali ilidai kwamba mawakili wangerefusha kesi na kuwapora wanakijiji fedha, na pengine hofu hiyo haikuwa ya uongo mtupu. Lakini matokeo yake ni kwamba kwa muda wa vizazi viwili mwanamke aliyetaka kuachana na mume mkatili alisimama mbele ya wazee wa kiume, peke yake au nyuma ya baba yake, ambaye mara nyingi ndiye aliyekuwa amekwisha kuwatumia wale ng'ombe kumwozea mwanawe wa kiume. Baba wa namna hiyo angemteteaje binti yake kwa moyo mmoja, hali ushindi wa binti ungemlazimu kurudisha mali asiyokuwa nayo?

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini Kiswahili kina neno zuri kama "wakili" ikiwa kazi yenyewe ni ya kigeni. Jibu ni kwamba neno si geni hata kidogo. Limetoka katika Kiarabu, na pwani lilitumika zamani kwa mtu yeyote uliyemkabidhi jambo lako alitende kwa niaba yako: kuuza nyumba, kudai deni, hata kufungisha ndoa usiyoweza kuihudhuria. Uzito wa neno uko katika kule kukabidhi. Tutalihitaji hilo tutakapofika kwenye uchaguzi.

Baada ya uhuru serikali zote mbili ziliunganisha mahakama: Uganda kuanzia mwaka 1964, Kenya mwaka 1967. Kuanzia hapo kesi ya mahari ingeweza kusikilizwa na hakimu yuleyule anayesikiliza kesi za wizi, na wakili angeweza kuingia. Uganda iliunda pia tume chini ya William Kalema mwaka 1964 kuchunguza ndoa, talaka na hadhi ya wanawake. Mwaka 1973, katika utawala wa Idi Amin, ikatoka amri ya kusajili ndoa za kimila katika ngazi ya gombolola. Wachache walijisajili. Hadi leo utakuta wazee waliooana kwa desturi zote, mashahidi wakiwa hai, nao hawana karatasi hata moja.

Kuhusu nguvu ya wakili katika shauri la familia, hakuna kesi iliyowafundisha watu wa eneo hili kama ile ya S. M. Otieno. Otieno mwenyewe alikuwa wakili mashuhuri wa Nairobi, Mjaluo wa Nyalgunga katika Siaya, wilaya inayopakana na Busia. Alimwoa Wambui, Mkikuyu, mwaka 1963, kwa ndoa ya serikali. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986 bila kuacha wosia wa maandishi. Mjane alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga. Mwili ulikaa mochari kwa miezi mitano huku nchi nzima ikifuatilia magazeti.

Tazama jinsi mawakili wawili walivyolijibu swali letu, kila mmoja kwa njia yake. John Khaminwa, aliyemtetea mjane, alisema kwamba watu hawa walioana chini ya sheria iliyoandikwa, wakaishi maisha ya mjini, na kwa hiyo mila haikuwahusu. Richard Kwach, wakili wa ukoo, alijibu kwamba mtu hajitoi katika kabila lake kwa kuvaa suti. Aliwaleta mahakamani mashahidi wa kueleza mila za Wajaluo, miongoni mwao mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na hata mchimba kaburi. Mahakama ya Rufaa iliukubali upande wa ukoo mwezi Mei 1987, na Otieno akazikwa Nyalgunga tarehe 23 mwezi huo. Mimi nadhani Wambui alionewa. Hata hivyo, nikiisoma kesi hiyo kama mwalimu, naona pia kwamba Kwach alijua jambo moja kwa ukamilifu: mahakamani, mila ni ushahidi, na ushahidi huletwa na watu wanaojua. Cheti cha ndoa cha 1963 kilithibitisha ndoa. Hakikuthibitisha nani ana haki ya kuzika.

Sasa turudi Tororo, kwa sababu kesi kubwa kuliko zote za ndoa ya kimila nchini Uganda ina mizizi yake hapa. Shirika la MIFUMI limechukua jina la kijiji cha Mifumi katika wilaya hii. Likiongozwa na mwanasheria Atuki Turner, lilianza kuwasaidia wanawake waliopigwa majumbani, nalo likaona jambo lililojirudia: mwanamke akirudi kwa wazazi hufukuzwa arudi kwa mumewe, kwa kuwa wazazi hawana ng'ombe wa kurudisha. Mwaka 2001 liliendesha kura ya maoni katika wilaya ya Tororo kuhusu mahari. Mwaka 2007 lilipeleka shauri katika Mahakama ya Katiba, likiomba desturi ya mahari, na ile ya kuyarudisha, itangazwe kuwa kinyume cha Katiba ya 1995.

Hapa niruhusu nisimame kidogo kwenye neno lenyewe. Katika Uislamu, mahari ni haki ya bibi harusi. Yeye ndiye mwenyewe, si baba yake. Pwani kuna pia kilemba cha baba na mkaja wa mama, na hayo ni mambo mengine. Bara, neno hilohilo "mahari" limebeba ng'ombe wanaokwenda kwa ukoo wa mwanamke. Kwa hiyo mtu wa Mombasa na mtu wa Merikit wanaweza kubishana kuhusu mahari mchana kutwa bila kugundua kwamba wanazungumza vitu viwili. Mbele ya hakimu utata huo si mchezo: mwanamke Mwislamu anaweza kuyadai mahari yake ambayo hayajalipwa, ilhali mwanamke aliyeolewa kimila alidaiwa yeye, kupitia kwa wazazi wake, mali ambayo mkono wake haukuigusa.

Mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ililitupa shauri la MIFUMI. Rufaa ikaenda Mahakama ya Juu, na hukumu ikasomwa tarehe 6 Agosti 2015. Jaji Jotham Tumwesigye, aliyeandika hukumu kuu, alikataa kuyaona mahari kuwa ununuzi wa mwanamke. Wawili wakikubaliana kwa hiari, mahari hayavunji Katiba. Lakini kudai yarudishwe ndipo ndoa ya kimila ivunjwe ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa kunamdhalilisha mwanamke na kuharibu usawa wa wawili katika ndoa na katika kuivunja. Jaji Esther Kisaakye alitaka kwenda mbali zaidi ya wenzake. Weka hukumu hiyo kando ya ile ya 1917. Hamilton aliona ununuzi, akaitupa ndoa yote pamoja na mke. Miaka 98 baadaye majaji wa Kiafrika waliithamini ndoa, wakakitoa ndani yake kile kilichomfunga mwanamke.

Kenya ilipita njia nyingine. Sheria ya Ndoa ya 2014 ilizikusanya pamoja sheria za ndoa zilizokuwa zimetawanyika, ikazipa hadhi sawa ndoa za Kikristo, za kiserikali, za Kihindu, za Kiislamu na za kimila. Ilisema pia kwamba pale mila inapotaka mahari ili kuthibitisha ndoa, sehemu ndogo tu ya mahari inatosha. Usajili wa ndoa za kimila ulianza Agosti 2017. Zaidi ya hayo, mahakama za Kenya zinaweza, kwa tahadhari, kuchukulia kwamba watu walioishi kwa muda mrefu kama mume na mke walioana. Uganda haina mlango huo, hata mkiwa mmeishi pamoja miaka 30.

Kwa historia hiyo, uchaguzi wa wakili unakuwa na sura tofauti kabisa. Chukua mfano wa kubuni. Mwanamke wa Merikit ameolewa kimila na Mteso wa upande wa Kenya. Ng'ombe wachache waliletwa kwao, wengine waliahidiwa. Wameishi Malaba ya Kenya, wamezaa watoto wawili, wamenunua kiwanja Tororo kwa jina la mume. Sasa mume amefunga ndoa kanisani na mwingine, na ndugu zake wanasema huyu wa kwanza hakuwa mke kamwe.

Wakili mzuri wa ardhi, au wakili hodari wa kesi za jinai ambaye kila mtu mjini anamsifu, anaweza asimfae. Anamhitaji mtu atakayeanza kwa kutafuta ushahidi wa ndoa: nani alikuwapo siku ng'ombe walipoletwa, nani aliwapokea, kuna picha, kuna barua ya chifu? Sheria ya Kenya inamkataza mume aliye katika ndoa ya kimila kuoa mwingine kwa ndoa ya mke mmoja, lakini katazo hilo halina faida yoyote kabla ndoa ya kwanza haijathibitishwa. Wakili anayekimbilia kuandika madai ya talaka bila kuuliza habari za ng'ombe anakosea mlango.

Kisha kuna suala la leseni. Wakili hufanya kazi kwa cheti kinachohuishwa kila mwaka, na cheti cha Kenya si ruhusa ya kusimama mbele ya hakimu wa Tororo. Chama cha Mawakili wa Kenya kina orodha mtandaoni ambapo unaweza kutafuta jina. Uganda nayo Idara ya Mahakama hutoa orodha ya wenye vyeti. Kutazama orodha huchukua dakika chache. Nasisitiza hili kwa sababu nje ya mahakama nyingi huzunguka madalali wa kesi, warithi wa wale waandishi wa barua waliostawi enzi ambazo mawakili walikatazwa. Wanazungumza vizuri, wana mafaili kwapani, na hawana leseni.

La tatu ni lile la kukabidhi. Nani analeta wakili, na nani anamlipa? Katika misiba ya upande wetu, shemeji wa mjane hufika na wakili "wa familia" aliyekwisha kuandika karatasi za urithi, zinazosubiri sahihi tu. Wakili aliyeletwa na shemeji ni wakili wa shemeji. Huenda ni mtu mwema, lakini hawezi kumtumikia mjane na wale wanaogombea naye shamba lilelile kwa wakati mmoja. Mjane ana haki ya kutotia sahihi siku hiyo na kutafuta wake.

Ada iulizwe siku ya kwanza na iandikwe. Asiye na uwezo asikate tamaa: vyama vya mawakili wanawake, FIDA ya Uganda iliyoanzishwa mwaka 1974 na FIDA ya Kenya ya mwaka 1985, vimejengwa kwa ajili ya mashauri ya namna hii, MIFUMI iko Tororo, na Kenya ina sheria ya msaada wa kisheria tangu mwaka 2016. Ilikuwa FIDA ya Uganda iliyoishawishi Mahakama ya Katiba mwaka 2004 kubatilisha vifungu vya sheria ya talaka ya 1904 vilivyomruhusu mume kuacha kwa sababu ya uzinzi peke yake, huku mke akitakiwa kuthibitisha uzinzi pamoja na kosa jingine juu yake. Vifungu hivyo vilikuwa vimetimiza miaka 100.

Si kila jambo linahitaji wakili, na wakili mwaminifu atakuambia hivyo. Katika mahakama za mabaraza ya vijiji nchini Uganda, chini ya sheria ya 2006, mawakili hawaruhusiwi kabisa, kama zamani. Kenya, wana ndoa ya kimila wanaweza kupatanishwa kwa njia za jadi kabla ya kwenda mahakamani kuomba talaka. Ila ardhi ni jambo jingine. Ardhi hufuata sheria ya nchi ilipo, kwa hiyo kile kiwanja cha Tororo kitajadiliwa Uganda, ambako sheria ya ardhi ya 1998 inataka idhini ya mwenzi wa ndoa kabla ya ardhi ya familia kuuzwa. Talaka na matunzo ya watoto wanaoishi Malaba ya Kenya vitaanzia Busia.

Maana yake ni kwamba mwanamke wetu wa mfano huenda akahitaji mawakili wawili, mmoja kila upande. Akiwapata, awakutanishe kabla karatasi yoyote haijafikishwa mahakamani. Kiapo kinachotolewa Busia kinaweza kusomwa Tororo na wakili wa upande wa pili, na kikisema huku kwamba ndoa ilifungwa mwaka fulani na kule kikataja mwaka mwingine, hakimu hatauliza ni mto gani uliovukwa katikati.